Theluji ni Kazi: Niliyojifunza Katika Miji Midogo ya Niigata

Wengi wanaotoka kwetu kwenda Japani kutazama theluji huishia Sapporo, au hupanda basi la siku moja kutoka Tokyo, wakapiga picha na kurudi hotelini kabla ya usiku kuingia. Safari hizo zina raha yake. Mimi nilibahatika kusoma shahada ya uzamili Minamiuonuma, mji mdogo wa mkoa wa Niigata ambako kuna chuo kikuu cha kimataifa kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na kwa sababu hiyo niliishi ndani ya majira ya baridi badala ya kuyapitia. Kila nilipopata nafasi nilipanda treni ndogo za mikoani kwenda Tokamachi, Tsunan, Matsunoyama na Takada, na mara nyingine mbali zaidi, hadi Yokote katika mkoa wa Akita. Katika miji hiyo nilielewa kwamba theluji ni kazi kabla ya kuwa uzuri, na kwamba msafiri anayeijua kazi hiyo hutembea kwa usalama zaidi na hupokewa kwa moyo mkunjufu zaidi kuliko yule anayeiona kama pambo la picha.

Ukitazama ramani huoni sababu ya theluji kuwa nyingi kiasi hicho. Tokamachi iko karibu latitudo moja na jiji la Tunis, na Tokyo, ambayo haifiki kilomita 200 kutoka hapo kwa mstari ulionyooka, hupitisha sehemu kubwa ya Januari chini ya anga la buluu na hewa kavu. Tofauti hiyo huletwa na bahari na milima. Upepo wa baridi na mkavu huvuma kutoka Siberia, ukavuka Bahari ya Japani ambayo hupashwa joto na mkondo wa Tsushima unaotoka kusini, ukanywa unyevu njiani, na ukifika kwenye milima ya Echigo hulazimika kupanda na kuutua mzigo wake wote upande wa baharini. Ukishuka upande wa Tokyo umekwisha kukauka. Treni ya mwendokasi ya Joetsu, iliyoanza kazi mwaka 1982, hupita chini ya milima hiyo katika handaki la Daishimizu lenye urefu wa zaidi ya kilomita 22. Abiria huingia na jua upande mmoja na kutokea Yuzawa upande wa pili ambako theluji inaanguka mfululizo. Katika kituo kidogo cha Morimiyanohara, mpakani mwa mikoa ya Nagano na Niigata, kuna nguzo inayoonyesha kimo cha mita 7.85 ambacho theluji ilifikia tarehe 12 Februari 1945. Nilisimama chini ya nguzo hiyo nikainua shingo kuisoma alama yake, na tangu hapo sikuhitaji kuelezwa kwa nini nyumba za huko hujengwa juu ya ghorofa ya zege ambamo watu huweka magari na zana, huku wenyewe wakiishi ghorofa ya juu yake.

Kitu cha kwanza kinachomshangaza mgeni mjini ni maji. Katikati ya barabara kuna mstari wa matundu madogo ya chuma yanayorusha maji ya ardhini usiku na mchana wakati theluji inaanguka. Mfumo huo ulianzia Nagaoka, mkoani humohumo, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Maji ya kisima hutoka yakiwa na nyuzi joto 13 hivi, na kiasi hicho kinatosha kuyeyusha theluji kabla haijashikana na lami. Kwa kuwa maji hayo yana madini ya chuma, barabara nyingi zimegeuka rangi ya kutu, na mgeni huanza kuelewa kwamba hatembei juu ya theluji kavu ya kwenye kadi za sikukuu bali katika maji ya baridi yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Wenyeji, kuanzia mwanafunzi wa shule hadi mzee wa miaka themanini, huvaa buti ndefu za mpira. Buti za ngozi zenye manyoya ndani, ambazo wageni hununua kwa bei kubwa, hulowa mapema na hazikauki hadi kesho yake. Ushauri wangu kwa yeyote anayekwenda huko ni kununua buti za mpira katika duka la vifaa la mji wenyewe, za saizi moja zaidi ya mguu wake ili soksi mbili za sufu zienee, kisha abadilishe soksi kila anapoingia ndani.

Takada, ambayo sasa ni sehemu ya jiji la Joetsu, ilipata suluhisho la zamani zaidi. Mbele ya nyumba za biashara zimejengwa njia zenye paa, zinazoitwa gangi, ambazo ukiziunganisha mtaa kwa mtaa zinazidi kilomita kumi. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu atazielewa upesi, kwani ni kama baraza zetu: sehemu ya nyumba ya mtu ambayo wapita njia wote wana ruhusa nayo. Kila mwenye nyumba hutoa kipande cha kiwanja chake, hukijengea paa na kukikarabati kwa fedha zake, ili theluji ikifunga barabara watu waendelee kwenda sokoni. Kwa sababu kila kipande kina mwenyewe, sakafu hupanda na kushuka, hapa mbao, pale saruji, na mahali nyumba ilipobomolewa pana pengo lililojaa theluji. Mapengo hayo yanaongezeka, kwa kuwa vijana wamehamia miji mikubwa na nyumba zimebaki tupu. Nilizipita mara nyingi nikiwa na mizigo mikononi, na sikupita bila kumshukuru moyoni mtu nisiyemjua aliyeamua kutoa mita mbili za ardhi yake.

Lakini kazi kubwa iko juu ya paa. Theluji iliyoshikana huwa na uzito wa kilo 300 na zaidi kwa kila mita moja ya ujazo. Kwa hesabu hiyo, paa la mita za mraba 100 lenye theluji ya kimo cha mita moja limebeba tani 30. Nyumba za kisasa zina mapaa yaliyoinama sana au yanayopashwa joto, ila za zamani lazima mtu apande na kuishusha theluji kwa mikono, mara kadhaa kila msimu. Kila mwaka kazi hii huua watu, wengi wao wazee, ambao huanguka kutoka paani au kufukiwa na theluji iliyoporomoka ghafla. Katika nyumba ya wageni niliyozoea kufikia huko Tsunan, mwenye nyumba alikuwa mjane wa umri wa bibi yangu, na wageni wote tulimwita okaasan, yaani mama. Asubuhi ya siku ya paa walifika majirani watatu, wote wamestaafu, wamevaa kofia ngumu na kujifunga kamba kiunoni. Walipanda wawili, na wa tatu akabaki chini akiwatazama bila kuondoa macho, kwa kuwa kanuni ya huko ni kwamba mtu hapandi paani akiwa peke yake. Walikata theluji kwa mabeleshi katika vipande vya mraba kama matofali, wakaanzia ukingoni kurudi kwenye mgongo wa paa, na hawakufika hadi kwenye bati lenyewe. Waliacha tabaka dogo ili miguu isiteleze.

Nilipoomba kusaidia, okaasan hakunipandisha juu. Alinikabidhi beleshi pana lenye umbo la sanduku lililo wazi na mpini wa kusukuma kwa mikono miwili, akanionyesha namna ya kulizamisha kwa goti na kuliburuta badala ya kuliinua, kwa sababu anayeinua theluji huumia mgongo kabla ya chai ya asubuhi. Tuliisukuma hadi kwenye mfereji wa mtaa, ambao hufunikwa na wavu wa chuma na kutiririsha maji ya mto. Hapo nikajifunza utaratibu ambao hakuna kitabu cha watalii kinachouandika kwa uzito unaostahili: kila mtaa una saa zake za kufungua wavu na kumwaga theluji, maana wote wakimwaga kwa wakati mmoja mfereji huziba na maji hufurika katika nyumba za walio bondeni. Majirani hupeana zamu, na asiyeheshimu zamu huwadhuru watu anaowafahamu kwa majina. Mgeni anayeegesha gari juu ya wavu kwa dakika chache ili apige picha amezuia kazi ya mtaa mzima, na anayesimama chini ya ukingo wa paa kutazama vigingi vya barafu vinavyoning'inia amesimama mahali ambapo hata watoto wa huko hukatazwa kupita.

Usafiri nao una mambo yake. Treni ya mwendokasi ya Joetsu haikwami kirahisi, kwa kuwa reli yake upande wa theluji hunyunyiziwa maji yaliyopashwa joto, na reli ya Hokuhoku inayokwenda Tokamachi hupita mahandakini kwa sehemu kubwa ya safari yake. Reli ya Iiyama, inayoufuata mto Shinano, ni nzuri kuliko zote mbili, nayo husimamishwa theluji inapozidi. Kuhusu gari la kukodi nina msimamo mkali: asiyewahi kuendesha kwenye theluji asianzie Niigata. Mwezi Desemba 2020 takriban magari 2,100 yalikwama kwenye barabara kuu ya Kan-Etsu, jirani na mji niliosoma, na ilichukua zaidi ya siku mbili kuyatoa yote, ingawa wengi wa madereva hao walikuwa wenyeji wa nchi hiyo wenye matairi ya majira ya baridi. Mtu apange siku moja ya akiba kabla ya ndege yake ya kurudi, na akumbuke kwamba mwishoni mwa Desemba jua huzama yapata saa kumi na nusu jioni, na basi la mwisho la kijijini huenda limekwisha kuondoka muda mfupi baadaye. Awe pia na fedha taslimu, kwani nyumba nyingi ndogo za wageni hazipokei kadi.

Ndani ya nyumba baridi huwa ya aina nyingine. Wageni hudhani kwamba nchi yenye treni za namna ile hupasha joto nyumba nzima, lakini katika nyumba za zamani hupashwa joto chumba kimoja tu, kwa jiko la mafuta ya taa, na ukumbi, choo na ngazi hubaki na baridi ya nje. Familia hukaa kuzunguka meza fupi iliyofunikwa kwa blanketi zito na yenye kipasha joto chini yake. Miguu hupata moto huku mgongo ukivumilia. Juu ya jiko hukaa birika la maji siku nzima, kwa ajili ya chai na pia kwa ajili ya hewa, ambayo bila mvuke huo hukauka hadi midomo ikapasuka. Ngozi zetu huonyesha ukavu huo mapema, zikapauka na kuwasha, na mafuta ya kujipaka ya maji yanayouzwa madukani huko hayatoshi. Nilikuwa naagiza kwa wanaokuja kutoka nyumbani waniletee mafuta mazito ya mgando. Okaasan alikuwa akifungua dirisha kidogo kila baada ya muda hata theluji ikivuma, kwa sababu jiko la mafuta ya taa katika chumba kilichofungwa linaweza kuua, na mgeni anayelifunga tena dirisha hilo kwa ajili ya baridi anacheza na maisha yake.

Jambo linalowasumbua zaidi ndugu zetu wanaoniandikia kuuliza kuhusu safari hizi ni bafu, nami nalijibu kwa kirefu kwa sababu lina uzito kwa mtu aliyelelewa kwa haya na stara. Katika miji hii chemchemi ya maji moto ndiyo moyo wa majira ya baridi. Wanaume na wanawake hutengwa, lakini ndani ya kila upande watu huoga bila nguo yoyote, tena kwa pamoja. Aliyelelewa Kiislamu, na Wakristo wengi wa kwetu vilevile, ataona vigumu, na hakuna sababu ya kujilazimisha. Nyumba nyingi za wageni zina bwawa dogo la kukodi kwa faragha, kwa ajili ya familia au mtu mmoja, ambalo hufungwa kwa ndani kwa muda wa dakika 40 hadi saa moja. Nyingine hulitoa bure, nyingine kwa ada ndogo. Ukiomba mapema, wakati wa kuweka nafasi ya chumba, hakuna atakayeshangaa, maana Wajapani wenye watoto wadogo au wagonjwa huomba vilevile. Sharti lisilo na msamaha ni moja: mtu huketi kwanza kwenye kigoda, akajisugua kwa sabuni na kujisuuza hadi povu lote liishe, ndipo aingie majini, na taulo lake halitiwi majini.

Maji ya Matsunoyama yalinigusa kwa namna ya pekee kwa kuwa yana chumvi. Kijiji kiko juu milimani, mbali na pwani, na maji yake huelezwa kuwa ni ya bahari ya kale iliyofungiwa ndani ya ardhi, ambayo husukumwa juu yakiwa ya moto kupita kiasi cha mtu kuyaingia kabla hayajapozwa. Wajapani huyahesabu miongoni mwa chemchemi tatu kuu za tiba, pamoja na Kusatsu na Arima. Mtoto wa pwani nilikaa ndani yake hadi shingoni, theluji ikianguka kichwani, midomo yangu ikiwa na ladha ya bahari. Huko Nozawa Onsen, mkoani Nagano, kuna mabafu 13 ya umma yasiyo na malipo, nayo husafishwa na kutunzwa na wakazi wenyewe kwa zamu. Mlangoni pana kisanduku cha sadaka, na kukipita bila kutia kitu si adabu. Juu ya mji huo pana chemchemi yenye maji yanayokaribia kuchemka ambamo wenyeji pekee ndio wanaoruhusiwa kuingia, nao huchemshia mboga na mayai humo. Mgeni hutazama kutoka nje ya uzio, na ndivyo inavyopasa.

Chakula kina somo hilohilo la kutoa taarifa mapema. Mpunga wa Uonuma, aina ya Koshihikari, unasifiwa kuwa bora kuliko yote nchini humo, na maji ya kuumwagilia ni theluji iliyoyeyuka. Samaki wa mtoni huchomwa kwa chumvi, tambi za ngano nyeusi hukandwa na mwani ili zishikane, na mboga za mwituni zilizochumwa masika hukaushwa na kuliwa wakati wa baridi. Kwa asiyekula nguruwe wala kitu chenye pombe, tatizo liko kwenye mchuzi, ambao mara nyingi hutiwa divai ya mchele. Nilipomwandikia okaasan siku chache kabla ya kufika, alinitengenezea mchuzi wa mwani na uyoga. Nisingemwambia hadi nikae mezani, asingekuwa na duka la kukimbilia.

Kuhusu sherehe nitasema machache, kwani ndizo zinazotangazwa zaidi. Tokamachi imefanya tamasha lake la theluji tangu mwaka 1950, na wakazi huchonga sanamu mbele ya nyumba zao, mtaa kwa mtaa. Matsunoyama, tarehe 15 Januari, wanaume waliooa binti wa kijiji hicho mwaka uliotangulia hurushwa kutoka kwenye mteremko hadi kwenye theluji laini chini yake, halafu watu wote hupakana usoni majivu yaliyochanganywa na theluji wakitakiana heri. Mgeni naye hupakwa, kwa hiyo asivae koti asilotaka lichafuke. Iliyonivutia kupita zote ni ya Yokote, katikati ya Februari. Watoto huketi ndani ya vibanda vya theluji vyenye madhabahu ndogo ya mungu wa maji, wakawakaribisha wapita njia kwa kinywaji kitamu cha mchele na vitumbua vya mchele vilivyochomwa. Unavua viatu, unaketi kwenye mkeka, unaongea nao. Asiyetumia pombe aulize kwanza kinywaji kimetengenezwa kwa nini, kwa kuwa kuna namna mbili.

Watu wote hukimbilia Februari, na hoteli hupandisha bei. Mimi mwenye kuniuliza namshauri aende mwanzoni mwa Machi. Theluji bado ina kimo cha mtu au zaidi, lakini anga limeanza kufunguka, na Tsunan wakulima huanza kufukua karoti zilizoachwa ardhini tangu vuli, ambazo kukaa chini ya theluji huzizidishia utamu. Siku za jua, huko Shiozawa, hutandazwa juu ya theluji vitambaa virefu vya Echigo-jofu, vilivyofumwa kwa nyuzi za mmea wa rami, ili jua na mvuke wa theluji viving'arishe. Ufumaji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2009, na wanaoujua wamebaki wachache wenye umri mkubwa. Zaidi ya hayo, kufikia Machi paa limekwisha kushushwa mara ya mwisho, zamu za mfereji zimepungua, na watu walioshika beleshi tangu Desemba wana nafasi ya kuketi na mgeni na kumjibu maswali yake.